Magurudumu Matatu

Kila aliyekulia katika nyumba yenye jiko la kuni ajua kwamba mafiga ni matatu. Mawili hayachukui chungu, na manne hayapatani: moja halikosi kuwa refu au fupi kuliko mengine, chungu kikacheza, mchuzi ukamwagika. Wanahisabati wana maneno yao ya kulieleza jambo hili, kwamba nukta tatu hazikosi kukaa juu ya bapa moja. Lakini wapishi walilijua kabla yao, wala hawakudai sifa. Kwa sababu hiyo chombo cha magurudumu matatu humtia mtazamaji imani mara akionapo. Kikiwa kimesimama hakiyumbi, hata juu ya ardhi ya mabonde na matuta. Walakini imani hiyo ni ya haki maadamu chombo kimesimama. Chungu hakikati kona wala hakifungi breki, na karibu mambo yote yaliyonisumbua katika uchaguzi ninaotaka kuueleza hapa yalitoka katika tofauti hiyo.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa bajaji yangu ya kwanza, ya kuendesha mwenyewe katika barabara za Dar es Salaam, si kwa kuchukua abiria wa kulipa bali kwa haja zangu. Nilipowagusia wenzangu wa chuoni nia hii walicheka kwa upole. Mmoja wao alisema kuwa bajaji haichaguliwi, husimamishwa kwa mkono. Sikumlaumu. Katika mji wetu chombo hiki hujulikana kama kazi ya vijana na msaada wa wasio na gari. Ni wachache wafikirio kuwa mtu mzima mwenye mshahara aweza kukitaka kwa moyo wake.

Sababu yangu ilikuwa mwilini. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nilipokuwa na umri wa miaka mitatu, na tangu hapo nimetembea kwa magongo. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikwenda kazini kwa daladala. Daladala haina uadui na kilema. Ina haraka tu, na haraka huumiza sawasawa na uadui. Kila safari yangu ilikuwa na mtu mwingine ndani yake: wa kunipisha mlangoni, wa kunipokea magongo, wa kumwambia kondakta angoje. Niliwashukuru wote, tena kwa dhati. Lakini mtu akishukuru mara sita kwa siku, kwa miaka ishirini, hufika mahali akatamani kuipitisha siku moja tu bila deni la fadhila. Msomaji mwerevu amekwisha kuuliza kwa nini sikutafuta gari la gia otomatiki, ambalo humtaka dereva mguu wa kulia peke yake. Lingenifaa. Ila bei yake pamoja na ushuru ilikuwa mbali na mkono wangu, nami sikupenda kuutumikia mkopo mpaka siku ya kustaafu. Nikabaki na magurudumu matatu.

Si haki kukidharau chombo hiki kama kwamba ni mtoto wa uhaba. Gari la Karl Benz, ambalo wengi hulihesabu kuwa motokaa ya kwanza, lilipata hati ya uvumbuzi huko Ujerumani mwezi wa Januari 1886, nalo lilikuwa na magurudumu matatu, kwa kuwa Benz hakuridhika na njia zilizojulikana wakati ule za kugeuza magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja. Mwaka 1888 mkewe, Bertha, alilichukua bila kumwaga, akaenda nalo pamoja na wana wao wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilometa 100 hivi. Vitabu vingi humtaja kama mke wa mvumbuzi. Mimi nilipoanza kujifunza nilimhesabu kuwa dereva aliyenitangulia.

Bajaji yetu ina nasaba nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Piaggio cha Italia kilitoa Vespa mwaka 1946, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege; jina lake maana yake ni nyigu. Mwaka 1948 kikatoa ndugu yake wa magurudumu matatu kwa ajili ya mizigo, kikamwita Ape, yaani nyuki. Kampuni ya Bajaj ya Uhindi ilianza kwa kuagiza vyombo vya namna hiyo kutoka nje, ikaja kuviunda yenyewe, na katika miaka ya 2000 vikaenea Dar es Salaam. Bajaj ni jina la ukoo, jina la mfanyabiashara Jamnalal Bajaj, aliyekuwa karibu sana na Mahatma Gandhi na aliyefariki mwaka 1942. Yamkini kijana aitaye abiria pale Mwenge hajui kwamba kutwa nzima analitaja jina la sahibu wa Gandhi. Hata vyombo vilivyotoka kwa TVS au kwa Piaggio wenyewe sisi twaviita bajaji, na ndugu zetu wa Mombasa huviita tuktuk.

Sasa umbo. Magurudumu matatu yaweza kupangwa kwa njia mbili: moja mbele na mawili nyuma, kama ilivyo bajaji, au mawili mbele na moja nyuma, kama ilivyo Can-Am Spyder ya Kanada iliyotoka mwaka 2007. Njia ya pili ina faida kubwa wakati wa breki. Chombo kikifungwa breki uzito hukimbilia mbele, na hapo mbele ndipo penye upana wa kuupokea. Katika bajaji uzito hukimbilia kwenye ncha ya pembetatu, mahali pembamba kuliko pote, na dereva akifunga breki huku anakata kona kwa kasi, gurudumu la nyuma lililo upande wa ndani huinuka. Jambo hili si kosa la kiwanda chochote. Ni tabia ya umbo. Kwa hiyo kama uchaguzi ungekuwa wa karatasini, ningechagua magurudumu mawili ya mbele bila kusita. Lakini chombo kama hicho sikukiona kwa muuzaji yeyote niliyemfikia, wala sikumpata fundi aliyewahi kukifungua. Tena hupandwa kwa kutanua miguu kama farasi, jambo lisilowezekana kwangu. Nilikiacha bila majonzi.

Vilivyobaki vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni guta la injini, ambalo mbele ni pikipiki kamili na nyuma ni kitanda cha mizigo. Lilinivutia kwa nguvu zake, na bei yake haikuwa mbaya. Gia zake hupigwa kwa mguu wa kushoto. Tukaagana palepale.

Cha pili kilinichukua majuma matatu ya mawazo. Fundi mmoja wa kuchomelea alinishauri nichukue skuta, pikipiki ndogo isiyo na gia za kupiga na ambayo breki zake zote mbili ziko mikononi, naye angeikata nyuma na kuichomelea mhimili uchukue magurudumu mawili badala ya moja. Nimewaona watu wenye ulemavu wakivitumia vyombo vya namna hiyo kwa ustadi mkubwa, na kwa asiyeweza kutumia mguu wowote ni tegemeo la kweli. Shaka yangu ilikuwa juu ya fremu. Pikipiki ya magurudumu mawili hulala ikikata kona, na kwa kuwa hulala, nguvu ya kona huishukia kutoka juu kwenda chini, kama mtungi juu ya kichwa cha mchota maji. Ukiizuia kulala, nguvu ile ile huisukuma ubavuni, mahali ambapo waliyoiunda hawakukusudia isukumwe, na kiungo kilichochomelewa ndicho kitakachochoka kwanza. Nilimwuliza fundi kama amepata kuona kiungo chake kikikatika. Alijibu kwa uaminifu kwamba wateja wake hawarudi kumwambia. Jibu hilo lilinitosha.

Cha tatu kilikuwa bajaji yenyewe, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Watu huuliza ukubwa wa injini, na ni kweli kwamba nyingi za sasa ni za sentimita za ujazo 200 hivi, nguvu ya kutosha kwa mji. Mwenye mwili kama wangu huuliza swali jingine kwanza: chombo hiki kinataka viungo gani? Nilimwomba jirani anipe nafasi ya kuketi katika bajaji yake, injini ikiwa imezimwa, nikahesabu. Mkono wa kulia ni wa mafuta. Mkono wa kushoto una kazi mbili: vidole huvuta klachi, na kiganja huzungusha kishikio chote juu au chini ili kubadili gia, kama ilivyokuwa katika Vespa za zamani. Gia za mbele ni nne, na ya kurudi nyuma ina mtaimbo wake. Mguu wa kulia hukanyaga breki, na kanyagio hilo moja huyafunga magurudumu yote matatu. Breki ya kuegesha ni ya mkono. Zile za zamani hata kuwashwa huwashwa kwa mtaimbo uvutwao juu kwa mkono, dereva akiwa ameketi. Na mguu wa kushoto? Mguu wa kushoto ni mgeni. Huketi ukatazama mandhari.

Sijui kama nimeweza kumfahamisha msomaji furaha niliyoipata. Nilikuwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, nikaketi ndani ya chombo ambacho, pasipo mtu yeyote kunikusudia mema, kiliundwa kwa namna ambayo upungufu wangu haukuwamo katika hesabu. Isitoshe, magongo yamenipa viganja vya mvuvi, na klachi ya bajaji, ambayo wanawake wengine hulalamikia uzito wake, kwangu ilikuwa nyepesi.

Lau kilema kingekuwa cha mguu wa kulia, mambo yangekuwa mengine. Nina rafiki wa namna hiyo, ambaye fundi alimtengenezea fimbo ya chuma ya kulikanyaga kanyagio kwa mkono. Amekwenda nayo kwa muda mrefu. Rai yangu, nisiyoificha hata mbele yake, ni kwamba breki ndiyo kazi ya mwisho ambayo mtu angemwachia fundi wa uchochoroni bila fundi wa pili kuikagua. Gia ikikwama utachelewa. Breki ikikwama hutakuwapo kuchelewa.

Siku niliyokwenda kutahiniwa kwa ajili ya leseni, mtahini aliyatazama magongo, akautazama mguu, kisha akasema kwa huruma, "Mama, kwa mguu huu wa kushoto, kwa kweli..." Nikamwomba kwa adabu anionyeshe ndani ya bajaji kazi ya mguu wa kushoto. Aliinama akatafuta. Alipoona kanyagio ni moja tu, nalo liko kulia, alisimama akacheka, akaniambia nianze mtihani. Nilimpenda kwa kicheko kile. Wapo ambao wangetafuta sababu nyingine.

Ilibaki kuchagua baina ya kipya na kilichotumika. Mtoto wa kaka yangu, ambaye huendesha bodaboda, alinichukua mpaka duka moja la vyombo vipya. Muuzaji alimsalimu yeye, akamweleza yeye, akampa yeye ufunguo.

"Mama atakuwa anakaa nyuma, siyo?" akamwuliza.

"Muulize mwenyewe, kaka," kijana akajibu. "Mimi ndiye nitakayekaa nyuma."

Tulitoka bila kununua. Tukaenda kwa fundi mzee wa mtaani kwetu, ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe na sanduku moja la vyuma.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia unataka chombo."

"Nataka. Kuna kijana wa kijiweni anauza yake, bei imeshuka sana. Nimekuja kukuuliza."

Mzee aliifuta mikono yake kwa kitambaa kabla ya kujibu. "Bajaji ya kijiweni hailali, mwalimu. Mchana ina dereva wake, usiku ina deiwaka. Mwenyewe anataka hesabu yake, dereva anataka yake. Hakuna anayetaka gharama ya oili."

Hata hivyo alikubali kwenda kuitazama. Namna alivyoitazama ilikuwa darasa zuri kuliko mengi niliyopata kukaa. Kwanza hakuigusa injini. Aliyatazama matairi ya nyuma, akanionyesha kwamba moja limelika upande wa ndani tu. Chombo kinacholila tairi upande mmoja, alisema, kimepata kuanguka na mgongo wake umepinda. Akapapasa chini ya rangi mpya mahali mwili unapoungana na sakafu ya dereva, akapata ushonaji wa moto. Akamwambia kijana aninyanyulie mbele, akalitikisa gurudumu kushoto na kulia, likacheza. Mwisho ndipo alipoiwasha, akasimama nyuma kuutazama moshi, ambao ulikuwa na rangi ya samawati. Hiyo ni oili inayoungua pamoja na petroli, dalili ya injini iliyochoka. Kipimo cha mwendo kilikuwa kimekufa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema chombo kile kimekwenda kilometa ngapi tangu kuzaliwa. Kijana hakukasirika. Alisema tu kwamba imemlisha vizuri.

Najua wengi hununua vilivyotumika, na wengine hupata bahati njema. Rai yangu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni tofauti, nayo si kwa sababu ya uchakavu peke yake. Anayeanza hajui sauti. Chombo kizee kina milio kumi, minane ya kawaida na miwili ya hatari, na mwanafunzi hana sikio la kuitenga. Ni kama kumfundisha mtoto kusoma kwa kitabu kilichojaa makosa ya chapa: mwenye kujua kusoma huyaruka, mwanafunzi huyakariri. Nilitaka kuijua kwanza sauti ya chombo kizima, ili siku kitakapougua niitambue homa yake. Nikaamua kununua kipya, japo kwa ajili hiyo nilingoja mwaka mwingine mmoja nikiweka akiba, na mwaka ule wa daladala ulikuwa mrefu.

Juu ya aina, Bajaj au TVS au Piaggio, sikupata tofauti kubwa ya kunisumbua katika mambo niliyoyahitaji. Fundi mzee ndiye aliyenikatia shauri. Alisema, "Ukiharibikiwa Tegeta saa tatu usiku, utaponywa na kipuri kilichopo duka la jirani, si na sifa za kiwandani." Nikaenda Kariakoo, nikayapita maduka ya vipuri moja baada ya jingine nikiuliza bei ya waya wa klachi, waya wa gia na viatu vya breki kwa kila aina. Vya Bajaj vilikuwapo kila mahali. Huenda mtu wa mji mwingine akapata jibu jingine kwa swali hilo hilo, naye atakuwa amepata jibu sahihi la mji wake.

Swali la nishati lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na watu wengi wakageukia gesi asilia, ambayo tangu mwaka 2004 huletwa mjini kwa bomba kutoka Songo Songo. Bajaji ya gesi hutumia fedha kidogo kwa kila kilometa, na kwa mtu wa kijiweni anayekwenda kutwa, tofauti hiyo ni mkate wa watoto. Mimi nilichagua mwaka 2023, wakati vituo vya gesi vilikuwa vichache na foleni zake zilianza alfajiri. Mwendo wangu ulikuwa wa nyumbani na chuoni tu. Foleni ile ingezila saa zile zile nilizokuwa nazinunua kwa akiba yangu yote. Nikachukua ya petroli. Tangu hapo vituo vimeongezeka, na anayechagua leo ana haki ya kuipima hesabu hii upya.

Kujifunza kulinipa mambo mawili ambayo sikuyatazamia. La kwanza ni kwamba kijana wetu, aliyezaliwa na pikipiki kama samaki na maji, alishindwa kabla yangu. Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira mapema asubuhi, akaketi anionyeshe, na katika kona ya kwanza akalaza mwili kama afanyavyo juu ya pikipiki. Bajaji hailali. Ilikwenda moja kwa moja mpaka karibu na goli. Pikipiki hugeuzwa kwa kulazwa, na mwendeshaji wake, bila kujua, husukuma usukani kidogo upande wa pili ili chombo kianguke kuelekea anakotaka. Chombo cha magurudumu matatu hugeuzwa kwa usukani tu: ukitaka kushoto, wageuza kushoto. Mimi niliyekuwa sina mazoea yoyote sikuwa na la kusahau.

"Shangazi," alisema baada ya kushuka, "hii kitu ina ukaidi."

La pili lilihusu mahali pa kukaa. Dereva wa bajaji huketi karibu na ncha ya pembetatu, na akiwa peke yake, nyuma kukiwa kutupu, uzito wake wote uko pale palipo pembamba. Abiria, ambao watu hudhani huielemea, wakiketi nyuma kwa utulivu huusogeza uzito kuelekea kwenye upana. Kwa kuwa mimi husafiri peke yangu, niliweka mfuko wa mchanga wa kilo 25 sakafuni nyuma, chini kabisa, na vitabu vyangu juu yake. Wanafunzi wamekwisha kuutungia mfuko huo hadithi kadha wa kadha. Na kanuni niliyojiwekea ni moja: breki kabla ya kona, kamwe si ndani ya kona.

Barabarani kuna elimu ambayo uwanja wa mpira hautoi, nayo ni mashimo. Mwenye gari akiona shimo huliweka katikati ya magurudumu yake akapita juu. Mwenye pikipiki hulikwepa kwa ubavu. Mwenye bajaji hana katikati, maana katikati ndipo lilipo gurudumu la mbele. Wala hana ubavu, maana gurudumu la mbele likinusurika, la nyuma huingia. Anaacha mistari mitatu juu ya ardhi ilhali gari huacha miwili, na magurudumu yake ni madogo, ya inchi nane, ambayo shimo lisilolishtua lori huyameza hadi nusu. Majuma ya kwanza nilirudi nyumbani na kiuno kilichovunjika kwa mitikisiko. Baadaye nilijifunza kuisoma barabara mbali, kama hatua thelathini mbele, na kuchagua ni gurudumu lipi nitakalolitoa kafara. Aghalabu huwa la nyuma kushoto, upande wangu ule ule. Katika mvua huchagui chochote. Dimbwi halisemi kina chake, na busara ni kulifuata gari lililotangulia na kutazama linazama kiasi gani.

Njia yangu hukaa mbali na barabara kubwa kadiri iwezekanavyo. Njia ya mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro, iliyoanza kazi mwaka 2016, si yetu, na pembeni yake malori hupita kwa upepo unaoisukuma bajaji kama mlango usiofungwa. Napita mitaani. Nachelewa dakika kumi, ambazo ni zangu.

Watu hunisimamisha. Hawawezi kujua kwamba si ya abiria. Bajaji ni bajaji. Nilikuwa nikiwapungia mkono nikapita, mpaka siku moja kwenye taa za Mwenge mwanamke mwenye mtoto mgonjwa alipanda nyuma bila kuuliza, akasema, "Mwananyamala, hospitali, mama, tafadhali," akaanza kumpepea mtoto kwa khanga. Taa zilikuwa za kijani. Nilikwenda. Tulipofika alinyoosha noti, nami nikamwambia kwamba chombo changu hakina kibali cha kubeba kwa malipo. Hapo ndipo alipoyaona magongo yaliyolala chini ya miguu yake, akanitazama, akataka kusema neno, lakini mtoto alilia, akaenda.

Wenzangu wa chuoni wamezoea. Yule aliyesema bajaji husimamishwa kwa mkono hunisimamisha sasa kwa mkono kila Ijumaa, akaketi juu ya vitabu. Msimamizi wa maegesho alinipa mahali karibu na ngazi, kisha akaniomba nimfundishe binti yake, ambaye mguu wake ni wa kushoto pia. Tumeanza. Ana haraka kuliko mimi, nami humkemea juu ya kona.

Linalonisumbua kwa sasa ni mvua. Turubai za pembeni zilizokuja na chombo ni fupi, na maji ya masika huingia upande wa kulia yakalowesha vitabu na mguu wenye kazi. Nimempelekea fundi cherehani wa mtaa wa pili vipimo, pamoja na vipande vya plastiki nyeupe vya kuonea nje, na amenikatalia zipu kwa sababu hushika mchanga. Atashona vifungo. Ameahidi Jumamosi.